Sura ya 6: Pleteleti Zangu Ni 128, Naumwa Nini?

Homa ya dengue ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2014, na iliporudi tena mwaka 2019, wakazi wa jiji walipata neno jipya: pleteleti. Kwenye daladala ungesikia, "Za shemeji zimeshuka mpaka 60." Barazani ungesikia, "Mpeni maji ya majani ya mpapai, zitapanda." Dengue ilikwenda zake, neno likabaki. Siku hizi mtu akipimwa damu, hata kama ni kwa ajili ya kuanza kazi tu, jicho lake linakimbilia mstari wenye herufi PLT. Akikuta kinyota, au mshale unaotazama chini, usingizi unamruka.

Hapo ndipo swali linapozaliwa: "Mbona ziko 128? Homa sina, dawa situmii, sijawahi kuvuja damu ovyo. Naumwa nini?"

Inawezekana kabisa huumwi chochote. Huenda umezaliwa nazo hivyo, kama mwingine alivyozaliwa na vidole virefu. Upande wa pili yupo mtu mwenye 250, namba safi isiyo na kinyota, ambaye aking'olewa jino hulowanisha taulo mpaka alfajiri. Wa kwanza anahangaika bure, wa pili anaambiwa yuko salama. Wote wawili wamepotoshwa na kipimo kilekile, na sababu ya wote wawili iko kwenye jeni.

Kipande cha seli

Pleteleti, ambazo vitabu vya shule huziita chembe sahani, ni vipande vidogo vinavyoelea kwenye damu vikisubiri ajali. Mshipa ukichanika, hukimbilia pale, hujibandika kwenye tundu, huitana, na kuziba. Ndiyo maana ukijikata na kisu ukimenya viazi, damu husimama baada ya dakika chache.

Nimesema vipande, si seli, na nina maana yangu. Ndani ya uboho, ile nyama laini iliyo katikati ya mifupa, wanaishi majitu. Seli hizo huitwa megakariosaiti, na kwa umbo ni kubwa kuliko karibu seli zote za jirani. Jitu hili hukaa kando ya mshipa mdogo wa damu, hupenyeza ndani yake mikono mirefu myembamba, na mkondo wa damu hukatakata mikono hiyo vipande vipande. Kila kipande ni pleteleti. Jitu moja hutoa maelfu kadhaa kisha hufa. Mwili wa mtu mzima hutengeneza takribani bilioni 100 kila siku, na kila moja huishi siku 7 hadi 10 tu.

Kwa kuwa ni kipande, pleteleti haina kiini, yaani ile sehemu ya seli inayotunza maelekezo ya urithi. Vifaa vyote ilivyo navyo ilikatwa navyo. Kikikosekana kimoja tangu uboho, haitakipata tena mpaka inakufa.

Maelekezo hayo ya urithi ndiyo jeni. Chukulia kila jeni kuwa ni ukurasa mmoja unaoeleza jinsi ya kutengeneza kitu kimoja mwilini. Kurasa nyingi tunazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na herufi zake hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu. Tofauti hizo ndizo zinazoamua jitu la uboho litakata vipande vingapi, vya ukubwa gani, na vyenye vifaa gani.

Donge moja la unga

Anayejua kukanda chapati anajua hesabu hii. Donge ni lilelile. Ukikata matonge madogo utapata chapati 20, ukikata makubwa utapata 12, lakini unga haukupungua. Pleteleti hufuata hesabu hiyohiyo: katika watu wazima wenye afya, mwenye nyingi huwa na ndogo, mwenye chache huwa na kubwa. Jumla yake, ukizikusanya zote, hukaribiana.

Jambo hili lilionekana wazi Australia mwaka 1975. Ripoti ya mwaka huo ilieleza kwamba wahamiaji waliotoka nchi za Mediterania, kama Ugiriki na Italia, walikuwa na pleteleti chache kuliko majirani zao wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya. Hawakuwa wagonjwa, na hawakuvuja damu. Pleteleti zao zilikuwa kubwa tu. Baadaye hali kama hiyo ikaelezwa kwa wachangia damu wa eneo la Bengal, India: namba ya chini, chembe kubwa, afya nzuri. Hata mbwa wamo. Kuna mbwa wa Kiingereza waitwao Cavalier King Charles ambao wengi wao wana pleteleti chache zenye ukubwa wa ajabu, kutokana na badiliko kwenye jeni moja, na hawana habari.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ngapi?", uliza "kubwa kiasi gani?" Kwenye karatasi ya majibu, mistari michache chini ya PLT, kuna herufi MPV. Huo ni wastani wa ukubwa wa pleteleti moja. Watu wengi hawajawahi kuutazama, na si kosa lao, maana hata anayewasomea majibu mara nyingi huuruka.

Jikoni na wageni

Uboho unajuaje wakati wa kuongeza au kupunguza? Hapa kuna mpango ambao hunikumbusha shughuli ya harusi. Ini hutengeneza kichocheo kiitwacho thrombopoetini, kemikali inayoamsha yale majitu ya uboho. Kichocheo hiki kilitambuliwa mwaka 1994. Pleteleti zenyewe hukila. Zikiwa nyingi, hukimaliza, na uboho hupumzika. Zikiwa chache, sinia hurudi jikoni limejaa; uboho ukiona chakula kimebaki hujua wageni hawatoshi, hutuma wengine.

Jeni ya mdomo unaokila kichocheo hicho, yaani kipokezi chake, huitwa MPL. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walieleza badiliko dogo la jeni hii walilolikuta kwa takribani 7 kati ya kila Wamarekani Weusi 100. Wenye badiliko hilo huwa na pleteleti nyingi zaidi ya wenzao. Urithi hupandisha pia, haushushi tu.

Lakini usidhani kuna jeni moja ya idadi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu au zaidi ya tofauti ya idadi kati ya mtu na mtu hutokana na urithi, na urithi huo umegawanyika sana. Mwaka 2011 utafiti mkubwa uliokusanya watu karibu 67,000 ulipata maeneo 68 ya urithi yanayogusa idadi au ukubwa wa pleteleti, na tangu hapo orodha imefika mamia. Kila moja huongeza au hupunguza kidogo mno. Ni kama mchango wa msiba: mmoja elfu moja, mwingine mia tano, na jumla ndiyo inayoonekana. Ndiyo maana namba yako hubaki karibu palepale mwaka hadi mwaka ukiwa mzima, na ya mdogo wako hukaa pengine kabisa.

Siku mashine ilipodanganyika

Nilikaa asubuhi moja na mteknolojia wa maabara, kijana mwenye subira, akinionyesha kazi yake. Mashine ya kuhesabu damu, alisema, haioni chochote. Inapitisha damu kwenye tundu dogo na kupima ukubwa wa kila kinachopita. Kidogo inakiita pleteleti, kikubwa inakiita chembe nyekundu. Kisha akaweka kioo chini ya hadubini, akasogea.

"Mama, tazama hapa pembeni."

Chembe nyekundu zilikuwa zimejipanga kama sarafu za rangi ya waridi. Kati yake palikuwa na vumbi la zambarau, punje ndogondogo, kila moja kama robo ya chembe nyekundu kwa upana. Hizo ni pleteleti za kawaida. Akabadilisha kioo. Safari hii punje zilikuwa chache, na mojawapo ilikuwa kubwa sawa na chembe nyekundu iliyo jirani yake, mviringo kamili wenye madoa ya zambarau.

"Hii mashine imeihesabu kama chembe nyekundu," akasema. "Imesema huyu ana 40. Nikihesabu kwa jicho napata karibu mara mbili."

Kuna hila nyingine isiyohusu jeni hata kidogo. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na damu ya watu wachache haipatani na dawa hiyo: pleteleti hushikana mafungu mafungu ndani ya kichupa, na mashine huona fungu moja badala ya chembe 20. Mtu anaambiwa ana 50 kumbe ana 200. Dawa yake ni kutoa damu upya kwenye kichupa cha dawa tofauti.

Mpaka hapa, kwa ufupi:
- Idadi na ukubwa husomwa pamoja, PLT na MPV.
- Namba ya chini iliyotulia kwa miaka si sawa na namba iliyoanguka wiki hii.
- Mashine hukosea pale chembe zinapokuwa kubwa mno au zinaposhikana. Jicho kwenye hadubini ndilo linaloamua.

Mkono wa kushika ukuta, mkono wa kushika mwenzako

Sasa turudi kwa yule wa 250 mwenye taulo lililolowa.

Pleteleti ikifika kwenye jeraha ina kazi mbili za mikono. Kwanza ishike ukuta wa mshipa uliochanika, jambo gumu kwa sababu damu inapita kwa kasi. Pili ishikane na wenzake ili ukuta uzibwe. Mikono hiyo ni protini zilizopo juu ya ngozi yake, na kila mkono una jeni zake.

Mwaka 1918 daktari wa watoto wa Uswisi, Eduard Glanzmann, alieleza watoto waliokuwa wakivuja damu ingawa pleteleti zao zilikuwa za kutosha na za ukubwa wa kawaida. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kuelewa kwa nini. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Paris walionyesha kwamba pleteleti za wagonjwa hawa hazina ule mkono wa pili. Zinafika, zinashika ukuta, lakini kila moja inasimama peke yake. Umati wa watu bila mnyororo.

Mwaka 1948, hukohuko Paris, Jean Bernard na Jean-Pierre Soulier walieleza ugonjwa wa mkono wa kwanza. Hapa chembe zenyewe ni chache na ni majitu, na haziwezi kushika ukuta. Jambo la ajabu ni kwamba mkono huohuo ndio unaosaidia megakariosaiti kukata vipande vyake sawasawa. Ndiyo maana ukikosekana, idadi, ukubwa na kazi huharibika kwa mpigo mmoja.

Magonjwa haya mawili ni nadra sana. Kwa kawaida mtoto huugua anapopata nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, wazazi wenyewe wakiwa hawana dalili ya maana. Kwa hiyo huonekana zaidi pale ndugu wanapooana. Kwetu pwani, na kwa jamaa zetu wa Oman, kuoa mtoto wa ami au wa mjomba ni jambo la kawaida na lina heshima yake. Sisemi liachwe. Nasema ukoo wenye mtoto anayevuja damu uwe na habari kabla ya posa inayofuata.

Glanzmann alituachia faida asiyoitarajia. Kama mtu asiye na mkono wa pili hagandishi, walifikiri wataalamu, je, tukiufunga mkono huo kwa muda kwa mtu ambaye damu yake inaganda ndani ya mshipa wa moyo? Dawa ya kwanza ya namna hiyo, abciximab, iliidhinishwa Marekani mwaka 1994. Ugonjwa wa watoto wachache ukawafundisha madaktari namna ya kuokoa mioyo ya wazee.

Ukubwa unapokuwa dalili ya kitu kingine

Kuna aina za urithi ambazo pleteleti ni mjumbe tu, na ujumbe wenyewe unahusu kiungo kingine. Hizi ndizo zinazofanya nisiridhike na daktari anayesema "umezaliwa hivyo" akaishia hapo.

Jeni iitwayo MYH9 ikibadilika, pleteleti huwa chache na kubwa mno, na kuvuja damu huwa kidogo kuliko namba inavyotisha. Lakini mwenye nayo anaweza kupoteza usikivu akiwa kijana, kuharibikiwa figo, au kupata mtoto wa jicho mapema. Mjomba aliyekuwa kiziwi akiwa na miaka 30, shangazi aliyekufa kwa figo, na wewe mwenye PLT ya 70: huenda ni habari moja.

Jeni RUNX1 ni tofauti. Pleteleti hupungua kiasi, ukubwa wake ni wa kawaida, lakini ukoo huo uko kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya damu. Hapo namba inayoonekana si mbaya sana inahitaji kufuatiliwa maisha yote.

Na zipo ndogo kupita kiasi. Mwaka 1937 Alfred Wiskott wa München alieleza ndugu watatu wa kiume waliokuwa na kuhara damu, ukurutu wa ngozi na maambukizi ya masikio yasiyokwisha, wakati dada zao walikuwa wazima. Mwaka 1954 Robert Aldrich wa Marekani alionyesha katika ukoo mwingine kwamba ugonjwa hupita kwa mama na kuwapata wana wa kiume. Pleteleti za watoto hawa ni chache na pia ni ndogo, kinyume na ile hesabu ya chapati. Donge lenyewe limepungua. Mtoto wa kiume mwenye ukurutu, maambukizi ya kila mara na MPV ya chini anatakiwa kufika kwa bingwa haraka, si kuandikiwa mafuta ya ngozi kwa mara ya tano.

Kilifi, malaria na kipokezi kinachokosekana

Pleteleti hazizibi matundu tu. Mwaka 2001 watafiti waliofanya kazi Kilifi, pwani ya Kenya, walieleza kwamba kwa watoto wenye malaria kali, chembe nyekundu zenye vimelea hushikana mafungu zikitumia pleteleti kama gundi. Gundi hiyo hupitia protini moja ya juu ya pleteleti iitwayo CD36. Na Waafrika si wachache ambao jeni yao ya CD36 ina badiliko linaloisimamisha kazi, jambo ambalo kwa Wazungu ni nadra.

Ungetarajia basi kwamba asiye na gundi amekingwa. Utafiti wa mwaka 2000 ulikuta kinyume: wako hatarini zaidi. Mwingine wa 2001, wa Kenya, ukakuta wamekingwa. Wa tatu, mwaka 2009, ulitazama watu wengi zaidi na haukuona tofauti. Nalieleza hili kwa makusudi, kwa sababu kuna watu wanaouza vipimo vya jeni kwenye intaneti kana kwamba kila herufi ya urithi ina tafsiri moja, kama kitabu cha ndoto.

150 ya nani?

Karatasi nyingi za maabara huandika kuwa kawaida ni 150 hadi 400 au 450, yaani pleteleti 150,000 na kuendelea katika maikrolita moja ya damu. Tone dogo lina maikrolita kama 50. Mipaka hiyo ilipatikana zaidi kwa kupima watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopima watu wazima wenye afya Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, na mpaka wa chini wa pleteleti ukatoka chini ya 150,000 iliyozoeleka. Sehemu ya tofauti ni urithi, sehemu ni mazingira tunamoishi. Mwenye 128 niliyeanza naye anaweza kuwa mtu wa kawaida kabisa wa Masaka, Uganda, au wa Kilifi anayepimwa kwa rula ya watu wengine.

Kupuuza hili kuna gharama. Wapo watu, katika nchi nyingi, waliozaliwa na pleteleti chache, wakadhaniwa wana ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia pleteleti, wakapewa dawa za steroidi miaka na miaka, na wengine wakatolewa bandama. Namba haikupanda, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kinazishambulia.

Neno la haraka kuhusu dawa: aspirini hufunga kazi ya pleteleti kwa maisha yake yote, maana haina kiini cha kutengeneza kifaa kipya, ndiyo sababu wataalamu wengi hutaka isimamishwe takribani wiki moja kabla ya baadhi ya upasuaji, na hilo huamuliwa na daktari. Dawa ya clopidogrel, ambayo nayo hufunga kazi ya pleteleti, huanza kazi baada ya kugeuzwa na ini, na wenye aina fulani za jeni CYP2C19 huigeuza kidogo mno. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kuhusu hilo mwaka 2010.

Ukienda kwa daktari

Kabla ya kuulizia kipimo cha jeni, ambacho ni ghali na kwetu hakipatikani kila mahali, jibu haya:

- Je, hutokwa na muhina, ile damu ya pua, zaidi ya dakika kumi? Fizi je? Hedhi nzito tangu ya kwanza?
- Ulipotahiriwa, ulipong'olewa jino au ulipojifungua, damu ilisumbua?
- Nani mwingine katika ukoo ana pleteleti chache, uziwi wa mapema, figo mbovu au saratani ya damu?
- MPV yako ni ngapi, na kuna aliyetazama damu yako kwa hadubini?

Pleteleti zikishuka ghafla, ukiwa na homa, au ukiona madoa madogo mekundu yamejaa miguuni, usisome kitabu. Nenda hospitali leo.

Na jambo moja la mwisho ambalo halina gharama. Karatasi za vipimo vya zamani, za ujauzito wa miaka tisa iliyopita, za kuingia chuo, usizitupe. Daktari akiona 131 mwaka ule, 126 mwaka huu, na 134 kwa mama yako, atakuwa na ushahidi ambao hakuna mashine inayoweza kumpa.